Bima, bomba, mkopo au uji wa watoto: kijiji kianze na kipi?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kipo kwenye kijiji cha milimani wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Mwaka huu tulipofungua sanduku, mfuko wa jamii ulikuwa na Sh 2,400,000. Serikali ya kijiji ikaahidi kuongeza Sh 3,600,000 kutoka kwenye mauzo ya shamba la miti la kijiji, kwa sharti moja: fedha yote iende kwenye afya, na ianze na kaya zinazougua kuliko nyingine. Jumla Sh 6,000,000. Mkutano ulianza saa nane mchana na giza likatukuta bado tunabishana.

Hoja zilikuwa nne. Wengine walitaka tuzikatie bima kaya zisizojiweza. Wengine walitaka bomba livutwe hadi kitongoji cha bondeni. Vijana walitaka fedha iwe mkopo wa mitaji. Wamama watatu walitaka kituo cha kulelea watoto, wapate na uji wa mchana. Kulikuwa na hoja ya tano, ya kuanza boma la zahanati ya pili, ila hiyo niliipinga pale pale na bado naipinga. Maboma yanayosubiri bati tunayaona kila tunaposafiri. Boma lisilo na muuguzi wala nyumba ya muuguzi halimtibu mtu, hata kama kila kaya imebeba tofali lake.

Kabla hatujatawanyika alisimama bibi mmoja ambaye huwa hasemi mkutanoni. Akatusalimu, kamwene, tukaitikia. Kisha akamgeukia katibu wetu: "Mwanangu, mimi siumwi. Nimechoka." Akaketi. Anatunza wajukuu wanne peke yake. Nilipewa kazi ya kuzilinganisha hoja zile nne kwa maandishi, na katika kuandika nimejikuta nikilirudia neno lake mara nyingi. Naliweka hapa kwa ajili ya vikundi vingine vya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe vyenye swali kama letu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, ya juu kuliko mikoa yote. Njombe ilifuata kwa 50.4, kisha Rukwa kwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayopakia malori ya mahindi, viazi na maharage usiku na mchana kwenda kulisha miji. Njaa ya kukosa chakula ghalani haiwezi kuwa ndiyo maelezo.

Maelezo yanapatikana ukiingia ndani ya nyumba. Chukua kaya mbili za kijijini kwetu zinazotumia zahanati moja na muuguzi yule yule. Ya kwanza ni ya mwenye duka, ina koki uani. Ya pili ipo bondeni. Mama wa pale anaamka saa kumi alfajiri na kushuka chemchemini na ndoo ya lita 20. Kwenda na kurudi ni karibu saa nzima, kwa sababu kurudi ni kupanda mlima. Akirudi anakoroga uji wa mahindi matupu, anaufunika kwenye sufuria, anaondoka kwenda kibarua cha kupalilia shamba la mtu. Mtoto wa mwaka na nusu anabaki na dada yake wa miaka saba. Saa sita mchana nilipita pale kuandika majina. Uji ulikuwa umeganda, una utando juu, na yule dada alikuwa akimlisha mdogo wake kwa kidole kwa sababu kijiko kilikuwa kimepotea. Darini juu ya jiko kulikuwa na magunia sita ya mahindi.

Shirika la Afya Duniani liliunda tume mwaka 2005, chini ya uenyekiti wa Profesa Michael Marmot wa Uingereza, kuchunguza jambo hili hili: kwa nini watu wa nchi moja, hata wa mtaa mmoja, wanapishana afya na umri wa kuishi. Ripoti ya 2008 iliweka mzizi kwenye mazingira ambamo watu wanazaliwa, wanakua, wanafanya kazi na kuzeeka, na kwenye mgawanyo wa fedha na uwezo wa kuamua unaoyatengeneza mazingira hayo. Kwa kijiji chetu hiyo ni habari ya ndoo, kibarua, na nani anakaa na mtoto mchana. Kwa hiyo kila hoja nimeipima kwa maswali mawili: inamfikia mama wa bondeni? Na itakuwa bado ipo baada ya miaka mitatu?

Bima ikiwekwa pembeni ya bomba

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, tuliouzoea mikoani ulikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Kwa kiwango hicho Sh 6,000,000 zinakatia kaya 200. Mezani inapendeza sana. Lakini kadi inaisha baada ya miezi kumi na miwili, na kaya zile zile mtazikuta pale pale, mfuko ukiwa mtupu. Pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mpangilio mzima, kwa hiyo kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, nendeni kwa mtendaji mkaulize kiwango na vifurushi vya sasa. Msipige hesabu kwa bei mliyoisikia zamani.

Faida ya bima ni ya kweli, na sipendi inapobezwa. Kaya isiyo na bima ikipata mgonjwa wa kulazwa inauza mbuzi, halafu inauza mahindi kabla ya bei kupanda, halafu inakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Nimeiona nyumba ikifika chini kabisa kwa mguu mmoja uliovunjikia kwenye lori la mbao. Kadi ingeizuia ile safari ya kushuka.

Bima ina udhaifu wake, na wa kwanza ni kwamba wanaoumia zaidi huku kwetu, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, kisera tayari wanatibiwa bila malipo, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha. Kinachowakwamisha ni nauli, muda, na dawa kutokuwepo. Shangazi yangu alikuwa na kadi hai. Alitembea hadi kituo kimoja, akapimwa vizuri tu, akaambiwa dawa hakuna, akanunue. Alirudi nyumbani na cheti mkononi, na cheti kile alikihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani hadi alipopata fedha, siku tisa baadaye. Kadi ilifanya kazi yake. Dawa haikuwepo.

Sasa bomba. Milima yetu ina neema moja: maji yanashuka yenyewe. Mradi wa maji ya mserereko hauhitaji dizeli wala umeme, ndiyo maana unadumu kuliko pampu ikiwa watu wake wameusimamia. Sh 6,000,000 hazijengi chanzo wala tanki, tusidanganyane. Ila sisi tayari tuna tanki linalohudumia kitongoji cha kati. Fundi alipima kutoka pale hadi bondeni akapata mita 1,150, na kwa makadirio yake, mtaro tukichimba wenyewe, bomba, viungio, saruji na koki mbili vinatoka kwa Sh 4,100,000. Lazima RUWASA wilayani waidhinishe. Wakala huo ndio wenye dhamana ya maji vijijini tangu sheria ya 2019, na chombo cha watumia maji ndicho kitakachokusanya hela ya ndoo na kutengeneza koki ikiharibika. Msikwepe hatua hii kwa haraka ya kufungua maji. Bomba lililovutwa kienyeji hukauka mradi mzima unapozidiwa, kisha kitongoji kimoja kinaanza kukishutumu kingine.

Mama wa bondeni huenda chemchemini mara tatu kwa siku. Koki ikiwa mita mia mbili kutoka mlangoni, anarudishiwa zaidi ya masaa mawili kila siku ya Mungu. Na kuna linalotokea tumboni mwa mtoto. Anayeharisha kila baada ya wiki mbili chakula hakimjengi hata kama kipo, na udumavu mwingi huanzia hapo, kwenye maji ya chemchemi wanayonywea na ng'ombe, kwenye mikono isiyonawa kwa sababu maji ni ya kubania. Bima humtibu mtoto huyo aharishe tena wiki ijayo.

Udhaifu wa bomba nao usifichwe. Kitongoji cha juu ya tanki hakipati kitu, maji hayapandi mlima. Na kaya isiyo na hela ya ndoo itarudi chemchemini hata koki ikiwa mlangoni; inabidi jumuiya ikubaliane mapema, kwa majina, nani anachota bure.

Kati ya hivi viwili, kama kijiji kina tanki linaloweza kuongezwa mtandao, mimi nachagua bomba bila kusita. Kama maji tayari yapo karibu na kila nyumba, bima inapanda juu.

Mkopo na uji

Vijana wetu walisema umaskini ndio ugonjwa wenyewe, tuwape watu mitaji. Wana haki. Mtu mwenye kipato anachagua chakula, anapanda boda mapema, hasubiri homa igeuke kichomi. Ila kabla kikundi hakijageuza fedha yake ya afya kuwa mkopo, kikumbuke kuna fedha nyingine ya kazi hiyo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaujua utaratibu huo, na kazi yake ni kuwasaidia kuandika maombi. Nawasihi vijana wetu wapande ngazi hiyo, na mfuko mdogo wa jamii waache ufanye kile ambacho hakina mlango mwingine.

Mama wa bondeni, kwanza, hayumo kwenye kikundi. Hawezi kununua hisa kila wiki, na mkopo wa kikundi haumfikii asiye mwanakikundi. Huyu anafikiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama mkutano wa kijiji ulimtaja kwa haki. Ruzuku kwa kaya maskini sana ilianza mwaka 2012, ikifungamanishwa na watoto kwenda shule na kliniki, na ni wajibu wetu kuangalia kama orodha ya kwetu ina watu wanaostahili kweli. Pili, na hili wanaume wenzangu mlipokee kwa moyo mweupe, mkopo unaongeza kazi juu ya kazi. Jirani yangu alikopa akaanza kuuza ulanzi msimu wa masika. Hela aliiona. Mtoto wake mdogo akawa analala kilabuni mgongoni mwa dada yake hadi saa tatu usiku, na kadi ya kliniki ya mtoto yule ilishuka kutoka eneo la kijani hadi la kijivu katika miezi minne. Hakuna aliyekosea pale. Siku ya mama yule ilikuwa imejaa tangu awali.

Wazo la uji na kituo cha watoto lilipotajwa, baadhi walilichukulia kama jambo dogo la wamama. Mimi niliwakumbusha historia ya mkoa wetu. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1988, Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa pamoja na Njombe, ulikuwa na mpango wa lishe uliofadhiliwa na Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukaanza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, majibu yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji, na kwa kila mtoto aliyepungua watu waliuliza kwa nini, kisha wakafanya walichoweza: kuanzisha kituo cha kulelea watoto, kumpunguzia mama kazi, kuongeza idadi ya milo. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8 katika vijiji hivyo. Mtindo ule wa tathmini, uchambuzi na hatua ulienda hadi New York, ukawa msingi wa namna UNICEF inavyoeleza utapiamlo duniani. Ulizaliwa hapa. Wazee wanaokumbuka mizani iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkutano bado wapo, waulizeni.

Leo vipande vya mpango ule vipo. Kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye utepe wa kupima mzingo wa mkono, na tangu mikataba ya lishe ilipoanza kusainiwa mwaka 2017 halmashauri zinatakiwa kutumia Sh 1,000 ya mapato yake kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji: watoto wetu ni wangapi, na elfu moja moja zao zimefanya nini mwaka huu? Sisi tuliuliza. Tulipata mizani mpya na ubao wa kupimia urefu, vitu ambavyo tulikuwa karibu kuvinunua kwa hela yetu.

Gharama ya kituo chenye watoto 40 ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu chakula kinatoka majumbani. Kila kaya italeta debe la mahindi na maharage kwa msimu. Maziwa tutanunua kidogo kwa wafugaji wa hapa hapa, na parachichi katika msimu wake halina bei kijijini. Fedha taslimu ni ya walezi wawili, Sh 50,000 kila mmoja kwa mwezi, yaani Sh 1,200,000 kwa mwaka, na sufuria moja kubwa. Angalizo kuhusu unga: msichanganye nafaka saba na karanga na kila kitu mkaita lishe. Mchanganyiko huo hauwafai watoto wadogo kwa kiasi kinachoaminika, na karanga au mahindi yaliyoanikwa vibaya yanabeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Uji wa mahindi yaliyokaushwa vizuri, wenye maziwa, na mlo wa maharage na mboga pembeni, unatosha na unaeleweka.

Kasoro ya kituo ni umri. Kinapokea watoto wa miaka miwili hadi mitano, wakati udumavu unajengeka ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Mtoto wa mwaka na nusu niliyemkuta akilishwa uji ulioganda hataingia kituoni leo. Lakini dada yake wa miaka saba atarudi shule, kwa sababu wadogo wengine wawili hawatakuwa mikononi mwake, na mama akiwa amerudishiwa masaa yake mawili ya maji, ana nafasi ya kumlisha mdogo kwa mkono wake, chakula cha moto. Ndiyo maana bomba na kituo nimeviona kama kitu kimoja. Vyote viwili vinampunguzia mama uchovu aliousema bibi yetu.

Nauli

Hili halikuwa kwenye hoja nne, nimeliongeza. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Barabara kuu ya Zambia, kambi za mbao, mashamba ya chai, vijana kuondoka nyumbani kutafuta kazi, vyote vinahusika. Dawa za kufubaza ni bure. Nauli ya kwenda kuzichukua siyo bure, na kibarua akikosa siku moja amekosa mlo. Tukipendekeza mfuko mdogo wa nauli, muuguzi ndiye ataomba kwa niaba ya mgonjwa bila kutaja ugonjwa. Kwa mama mwenye uchungu au dharura ya mtoto mchanga, msitumie mfuko: pigeni 115, ni bure, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, unaoitwa m-mama, unapangwa kupitia namba hiyo.

Kwenu mlioko mjini Mbeya, mitaa ya mabanda iliyopanda mlimani, mizani inabadilika. Maji mara nyingi yapo, shida ni bili na vyoo vinavyofurika masika. Mama anauza nyanya Mwanjelwa tangu alfajiri na mtoto amefungiwa chumbani na jirani. Kituo cha watoto kinakuwa namba moja, bima inapanda hadi ya pili kwa sababu hospitali zipo karibu na kadi itatumika kweli, bomba linashuka. Kyela na Mbarali, kwenye joto na mpunga, malaria inaingia kwenye hesabu na vyandarua vinatangulia mengine.

Kikundi chetu kilikaa tena Jumapili iliyopita. Sh 4,100,000 zimekwenda kwenye bomba, Sh 1,300,000 kwenye kituo kwa mwaka wa kwanza, Sh 600,000 mfuko wa nauli. Bima haikupata hela ya mfuko, ila tumekubaliana kila mwanakikundi aweke Sh 600 kwa wiki kwenye bahasha yake, na mwenye nafasi amwekee na jirani mmoja asiye mwanakikundi. Mama wa bondeni amepata wa kumwekea. Kitongoji cha juu bado hakina jibu. Wamelalamika, na wana haki. Fundi atarudi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, kupima kama chemchemi ya upande wa msituni inabaki na maji ya kutosha kiangazi kinapoisha.